Risasi za kuwindia zilizosahauliwa, na namna ya kuchagua inayokufaa

Wengi wanaoniletea bunduki huwa wameshaamua kabla hawajafika. Mmoja anataka .300 Winchester Magnum kwa sababu amesoma kwamba inafika mbali, mwingine 6.5 Creedmoor kwa sababu ndiyo inayosemwa kila mahali, wa tatu .30-06 kwa sababu ndiyo aliyoachiwa na mzee wake. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo. Ila mimi ni fundi wa bunduki. Nafungua, napima, nasafisha, najaribu kwa shabaha kabla sijamkabidhi mwenyewe, na kazi hii imenipa nafasi ya kupiga karibu kila kitu kinachoingia kwenye chemba. Nikienda kuwinda mwenyewe, bunduki ninayobeba ni ya 7x57 (kichwa cha milimita 7, ganda la milimita 57), risasi iliyobuniwa na Mauser mwaka 1892, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Haya yanayofuata ni ya mwindaji mwenye kibali, anayetaka risasi ya kuangusha mnyama wa kiasi cha swala, kulungu au nguruwe mwitu, pengine na mkubwa zaidi, na ambaye yuko tayari kutazama nje ya zile tatu nne zinazojaza rafu.

Jua kwanza kwa nini iliachwa

Risasi ikiachwa na soko, usidhani mara moja kwamba ilishindwa porini. Tafuta kilichoiangusha.

Tazama .244 Remington. Ilitoka mwaka 1955, mwaka uleule Winchester walipotoa .243. Zote zinarusha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, cha milimita 6, na ganda la .244 lina nafasi zaidi kidogo ya baruti. Lakini Remington waliichukulia kama risasi ya wanyama waharibifu wadogo, wakaiwekea mitutu ambayo mifereji yake ya ndani inakamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12. Winchester walikata kila inchi 10. Kichwa kirefu na kizito kinahitaji kuzungushwa kwa kasi ili kisiyumbe hewani, kwa hiyo mwindaji wa kulungu aliyetaka kichwa cha greni 100 (greni ni kipimo cha uzito, kama gramu 0.065) aliambiwa kwamba .243 inakimudu na .244 haikiwezi. Ikatosha. Mwaka 1963 Remington waliirudisha kwa jina la 6mm Remington na mitutu ya mzunguko wa haraka, lakini wanunuzi walikuwa wameshahama. Ganda lenyewe halikuwa na kasoro yoyote.

Au .280 Remington ya mwaka 1957, ambayo ni ganda la jamii ya .30-06 lililobanwa shingo ili lishike kichwa cha milimita 7. Ilianzia kwenye bunduki inayojipakia yenyewe, basi kiwanda kikaipunguzia presha, na kwenye majedwali ikaonekana dhaifu kando ya .270 Winchester. Mwaka 1979 ikapewa jina la 7mm Express Remington. Watu wakaanza kuichanganya na 7mm Remington Magnum, jambo la hatari, na jina la zamani likarudishwa. Nani angeinunua kwa imani baada ya misukosuko hiyo? Hata hivyo, ukiipakia kwa presha yake kamili, kuna kazi chache sana za .270 ambazo .280 haiziwezi, na ina vichwa vizito zaidi vya kuchagua.

Ya .250 Savage inanisikitisha zaidi. Charles Newton aliibuni, ikatoka mwaka 1915. Yeye alipendelea kichwa cha greni 100, ila kampuni iliweka cha greni 87 ili iweze kutangaza kasi ya futi 3,000 kwa sekunde. Tangazo lilifaulu. Kwa swala, kichwa alichokitaka Newton ndicho kinachofaa, na hadi leo ndicho ninachomshauri mtu mwenye bunduki hiyo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza siku zote ni hilo. Kama iliangushwa na mtutu usiofaa, na jina au na bunduki ya kwanza iliyoibeba, hayo yote unaweza kuyarekebisha au kuyapuuza. Kama iliangushwa kwa sababu ganda linakwama au presha yake haitabiriki, achana nayo.

Pima bega lako kabla ya kupima risasi

Kuna jaribio ninalowafanyia watu kabla sijawauzia ushauri wowote. Natafuta risasi bandia, ile isiyo na baruti wala fataki, naichanganya na risasi halisi, kisha nampakia mtu bila yeye kujua ipi ni ipi. Analenga, anavuta triga. Akifika kwenye ile bandia, bunduki haingurumi, na hapo mambo yote yanaonekana: mtutu unazama, bega linasukuma mbele, macho yanafumba. Mtu huyo anaogopa teke la bunduki yake, na woga huo uko kwenye kila risasi anayopiga. Mlio tu ndio unaouficha. Unaweza kulifanya jaribio hili na rafiki unayemwamini, kwenye uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea penye kinga muda wote.

Teke linapimika. Katika bunduki ya kilo 3.6 hivi, 7x57 yenye kichwa cha greni 140 inarudisha begani kama jouli 18 hadi 20. .30-06 yenye kichwa cha greni 180 inakaribia 27. .300 Winchester Magnum inapita 35, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kijana mmoja aliniletea .300 akilalamika kwamba darubini imeharibika, kwa sababu matundu yake kwenye shabaha ya mita 100 yalitawanyika mno. Darubini ilikuwa nzima. Nilimwazima bunduki ya 7mm-08, akapiga polepole, na matundu yakakusanyika mahali pamoja. Mnyama hafi kwa sababu ya jouli zilizoandikwa kwenye boksi. Anakufa kwa sababu kichwa kimepita kwenye mapafu au moyo, na shabaha hiyo kwa swala wa wastani ina upana wa sentimita 15 hadi 20 tu.

Sasa utaniuliza kuhusu umbali. Chukua 7x57 inayotoka na kichwa cha greni 140 kwa mita 820 kwa sekunde, uirekebishe ipige sawasawa kwenye mita 200. Kwenye mita 300 kichwa kitakuwa kimeshuka sentimita 20 hadi 25. Fanya vivyo hivyo kwa .300 Winchester Magnum na tofauti utakayoipata ni sentimita nne au tano. Hicho ndicho unachokinunua kwa teke lililozidi karibu maradufu. Yupo anayewinda kwenye tambarare tupu akihitaji mita 400, naye ni mtu anayefanya mazoezi kila wiki. Huyo achukue magnamu yake, risasi ya baruti nyingi na kasi kubwa, kwa moyo mweupe. Wengi wetu tunapiga ndani ya mita 200.

Kichwa kwanza, ganda baadaye

Ganda na baruti ni chombo cha kusafirisha kichwa. Kinachogusa mnyama ni kichwa, kwa hiyo hapo ndipo ukae zaidi.

Mambo mawili yanatazamwa. La kwanza ni uzito ukilinganishwa na upana, kwa maana kichwa kirefu na chembamba huzama ndani zaidi kuliko kifupi kinene cha uzito uleule. Wataalamu wana hesabu yake, na namba zake zinasema mengi. Kichwa cha greni 180 cha .30-06 kina 0.271. Cha greni 175 cha 7x57 kina 0.310. Cha greni 160 cha milimita 6.5 kinafika 0.328. Risasi hizi za karne iliyopita zilizaliwa na vichwa virefu, na ndiyo sababu zilijenga sifa ya kupenya kupita umbo lao.

La pili ni muundo. Kichwa cha kawaida cha madini laini ya risasi chenye gamba jembamba la shaba hufunguka upesi, nacho hakifai kwenye bega la nguruwe mwitu dume ukiwa karibu. Ambacho madini yake ya risasi na gamba lake la shaba vimegandishwa pamoja hushikilia uzito wake. Kilichochongwa kwa shaba tupu hakipotezi karibu chochote, ila kinataka kasi: vingi hufunguka vizuri vikimfikia mnyama kwa mita 600 kwa sekunde au zaidi. Soma alichoandika mtengenezaji, kisha tafuta kwenye jedwali umbali ambao risasi yako inashuka chini ya kasi hiyo. Umbali huo ndio mwisho wako, hata kama darubini inakuonyesha mbele zaidi.

Jambo zuri kwa hizi risasi za kasi ya wastani ni kwamba hata kichwa cha kawaida, cha bei ya chini, hufanya kazi yake sawasawa. Hakipasuki kwa ghadhabu, na nyama inayoharibika ni kidogo.

Ninazozipendekeza

7x57 nimeshaitaja, lakini sijamaliza nayo. Hispania iliichukua jeshini mwaka 1893, na Makaburu waliitumia dhidi ya Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902. Waingereza wenyewe waliipenda kiasi cha kuipa jina lao, .275 Rigby. Jim Corbett alitunukiwa bunduki ya .275 Rigby mwaka 1907 baada ya kumuua chui milia jike wa Champawat. Na Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa kuwinda kwake kule Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hii hii. Tafadhali usichukue habari ya Bell kama ruhusa. Alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande, na sheria za leo katika nchi nyingi zinadai kipenyo kikubwa kwa wanyama hatari. Ninachokichukua kwake ni kwamba kichwa kirefu kilichoelekezwa vizuri kinafika. Kwa swala na kulungu tumia greni 140. Kwa mnyama mzito zaidi, greni 160 hadi 175.

6.5x55 ilibuniwa kwa pamoja na Uswidi na Norwei mwaka 1894. Kule elki, mnyama wa mamia ya kilo, ameangushwa kwa risasi hii kwa zaidi ya karne moja, mara nyingi kwa kichwa cha greni 156. Kila ninaposikia mtu akisema milimita 6.5 ni ya mbuzi, nawakumbuka wawindaji hao. Ukiwa na bunduki ya Creedmoor tayari, huhitaji kuibadilisha. Ukikuta Mauser safi ya Kiswidi inauzwa, usiiache.

7mm-08 ya mwaka 1980 ni ganda la .308 lililobanwa. Inafanya karibu kila linalofanywa na 7x57 katika bunduki fupi na nyepesi ya kisasa. Ndiyo ninayompa mtu anayeanza, au mwenye mwili mdogo, na sina la kuongeza.

.257 Roberts ilizaliwa kwa kubana zaidi shingo ya 7x57, na Remington wakaitoa rasmi mwaka 1934 kwa jina la Ned Roberts. Vichwa vyake ni vya greni 100 hadi 120. Ni risasi tulivu mno, na kwa swala wa kawaida ndani ya mita 250 sijui nyingine inayopendeza kupiga kama hii.

Ukihitaji uzito, nenda kwa 9.3x62. Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 kwa watu waliokuwa wakielekea Afrika na ambao hawakuweza kumudu bunduki ghali za mitutu miwili. Aliitengeneza iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida bila kuichonga sana, na huo ndio ufundi ninaouheshimu: nguvu nyingi ndani ya chombo ambacho watu tayari wanacho. Inarusha kichwa cha greni 286, gramu 18.5, kwa mita 720 kwa sekunde hivi, karibu jouli 4,800. Kwa ile hesabu ya uzito na upana, kichwa hicho kina 0.305, sawasawa na cha greni 300 cha .375 H&H. Teke lake lipo, lakini linakusukuma pole kuliko magnamu za kasi. Kwa pofu, kwa nguruwe mkubwa msituni, kwa kila mnyama mzito, ni risasi ya kuaminiwa. Baadhi ya nchi zinaikubali kwa nyati na nyingine zinaanzia .375, kwa hiyo soma sheria ya mahali unapowinda kabla hujalipa.

Ndugu yake wa upande wa Marekani ni .35 Whelen, ganda la .30-06 lililopanuliwa shingo mwaka 1922, ambalo Remington walilirasimisha miaka ya 1980. Mtu mwenye .30-06 yenye mtutu uliochakaa anaweza kubadilishiwa mtutu tu. Bolti na magazini vinabaki vilevile.

Kagua bunduki kabla ya kununua boksi

Hapa sina upole. Risasi za zamani mara nyingi hukutana na bunduki za zamani, na makosa yake hukata vidole na macho.

Soma maandishi ya kwenye mtutu, kisha soma yaliyo kwenye kitako cha ganda, na yafanane herufi kwa herufi. Mfano mbaya kuliko yote ni 8x57. Ile ya zamani, inayoandikwa kwa J au I, ina kichwa cha milimita 8.09 hivi. Ile ya baada ya 1905, yenye herufi S, ina kichwa cha 8.22. Kuisukuma S kwenye mtutu wa J ni kuongeza presha hadi pasipojulikana. Kwa sababu hiyohiyo Wamarekani hupakia 8x57 yao kwa presha ya chini mno, na watu wakadhani risasi yenyewe ni dhaifu. Ikipakiwa kwa kipimo cha Ulaya, katika bunduki nzima ya S, inatembea bega kwa bega na .30-06.

Kama maandishi yamefutika au yametiwa mashaka, usikisie. Mimi hupitisha donge laini la madini ya risasi ndani ya mtutu na kulipima kwa maikromita, kisha namimina kwenye chemba aloi inayoyeyuka kwa joto dogo ili nipate umbo lake. Fundi yeyote makini anaweza kukufanyia hivyo.

Angalia na umri wa chuma. Mauser za mwaka 1893 na 1895 si ngumu kama Mauser 98, kwa hiyo zipewe risasi za 7x57 zenye presha ya chini tu. Krag, bunduki za zamani za Norwei, za 6.5x55 vivyo hivyo. Lee-Enfield za .303 zifanyiwe kipimo cha nafasi ya chemba kwa geji kabla ya kupigwa, kwani kufuli za bolti yake ziko nyuma na maganda hurefuka. Pia kumbuka kwamba kichwa chake ni cha inchi 0.311 au 0.312, wala hakibadilishani na cha .308.

Jambo moja la mwisho juu ya mitutu mikongwe ya 7x57: koo lake, yaani mwanzo wa mtutu mbele ya chemba, lilichongwa kupokea kichwa kirefu chenye ncha ya mviringo cha greni 173. Ukiipa kichwa kifupi na shabaha ikatawanyika, usiuze bunduki. Jaribu kizito. Mifereji yake inazunguka kila milimita 220, haraka ya kutosha kwa greni 175, na mara nyingi bunduki iliyodhaniwa imekufa hufufuka hapohapo.

Hakikisha utapata za kupiga

Huu ndio udhaifu wa kweli wa risasi hizi. Kabla hujanunua bunduki, tafuta kwanza risasi zenyewe: angalau watengenezaji wawili, na angalau uzito wa aina mbili za kichwa. Ukikuta mmoja tu, fikiri tena.

Anayejaza maganda mwenyewe, mahali ambapo sheria inaruhusu, ana nafuu kubwa. Ganda la 7x57 hugeuzwa kuwa .257 Roberts, la .308 kuwa 7mm-08, la .30-06 kuwa .35 Whelen. Fuata kitabu cha vipimo kilichochapishwa, anza na kipimo cha chini, panda taratibu. Lakini ganda lililogeuzwa linabaki na maandishi ya zamani kwenye kitako, kwa hiyo liweke kwenye boksi lenye jina jipya kwa herufi kubwa, na usiliruhusu kukaa meza moja na bunduki ya jina lile la awali.

Ukishapata inayopigwa vizuri na mtutu wako, nunua ya bechi moja kiasi cha kukutosha misimu kadhaa. Bechi zinatofautiana, hata kwa kiwanda kilekile na boksi la rangi ileile. Andika kwenye kifuniko tarehe, namba ya bechi, umbali uliorekebishia darubini, na mahali kichwa kinapoangukia kwenye mita 100, 200 na 300. Ukifungua bechi mpya, rudi kwenye shabaha upige tena kabla ya kwenda porini.